Kwa Shangazi Adrienne, Kuhusu Maziwa ya Firmin

Combe-Vernet,
kwa njia ya Morteau,
Jumapili, 20 Novemba 1977

Mpendwa Shangazi Adrienne,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliouvunja kwenye barafu sasa unaukanyagia bila fimbo. Je, mumeo Lucien bado yuko kiwanda cha karatasi, au amestaafu kama anavyotishia kila Krismasi?

Sisi huku miili haijambo. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimwambia apumzike anaona umemtukana. Sharubati ya utomvu wa miti ya huko kwenu ng'ambo ya bahari ilifika bila chupa hata moja kuvunjika. Mama ameificha nyuma ya unga akidhani sijui, na baba huimimina juu ya viazi. Nakuomba usimwambie mtu yeyote huko.

Theluji imekuja mapema. Tangu tarehe tano tunachimba njia ya kufika barabarani.

Uliuliza kijiji kikoje. Kimepungua. Ulipoondoka tulikuwa mia mbili na zaidi. Sasa tuko tisini na wanne, na padre huja Jumapili moja kati ya tatu. Nyumba ya akina Faivre ameinunua daktari wa meno wa upande wa pili wa mpaka. Amepaka madirisha rangi ya bluu na hukaa siku kumi kila Agosti. Alfajiri magari ishirini na mawili hupanda kwenda mpakani, kwenye karakana za saa, na jioni hurudi. Wenye magari hayo wanalala kwetu na kuishi kule, na wanajenga nyumba ambazo gereji ni kubwa kuliko jiko. Hawafugi hata kuku. Tunaofuga tulikuwa nyumba nane.

Mimi nafundisha palepale ulipojifunzia kusoma. Nina wanafunzi kumi na mmoja, na inspekta amesema wakishuka chini ya tisa shule inafungwa. Kwa kuwa hapa mwalimu ndiye mwenye mwandiko, nimefanywa pia karani wa kijiji na karani wa ushirika wa jibini. Kila mkutano nanakili kumbukumbu zake kwenye daftari la jalada jeusi.

Maziwa bado tunayapeleka wenyewe kwenye nyumba ya jibini, kila jioni saa kumi na mbili. Vijiji vingine sasa lori hupita kuyachukua, lakini sisi hatukutaka. Nadhani unakumbuka kwa nini. Pale kwenye foleni, madebe yakiwa miguuni, ndipo habari zote hupita: nani mjamzito, nani anauza shamba, nani amekamatwa na tumbaku mpakani. Asiye na debe mkononi hana mahali pa kusikia wala pa kusikiwa.

Sasa nifikie lililonikalisha chini. Linamhusu Firmin Bôle. Najua jina hilo si jepesi kwako. Najua alikuposa, na kwamba Babu alisema binti yake hataolewa kwenye ng'ombe watano. Sikuandikii ili kuchokonoa hayo. Nakuandikia kwa sababu wewe ni mtu wa damu yetu ambaye humo tena kijijini.

Kiangazi cha mwaka jana kilitukausha. Toka Mei hadi Septemba haikunyesha mvua ya kujaza kikombe, na nyasi kavu tulizovuna hazikufika nusu ya dari. Baba alikuwa na ng'ombe ishirini na wawili wa kuvusha majira ya baridi.

Sheria ya jibini letu umezaliwa nayo: ng'ombe anakula nyasi mbichi au nyasi kavu, na kitu kilichochacha hakigusi mdomo wake. Ukivunja sheria hiyo, maziwa hayabadiliki rangi. Ila gurudumu la jibini, likishakaa ghalani miezi mitatu minne, huvimba kama mzoga na kupasuka. Na kwa kuwa maziwa ya nyumba zote humiminwa katika sufuria moja, kosa la mmoja huvimbisha jibini la wote.

Mwezi wa kumi na moja baba alianza kuvuka mpaka na trela, mchana kweupe, kwenda kuchukua machicha ya viazisukari kwenye kiwanda cha sukari cha upande wa pili. Yalikuwa yamelowa na kuchacha. Juu yake alitandaza unga wa mbao. Yule afisa wa forodha mnene, aliyewanyang'anya wazee wetu tumbaku miaka yote, alichoma fimbo ndani ya trela, akainusa, akacheka.

“Anselme, hii hata nguruwe wangu hataki. Pita, pita.”

Nilikuwa nimekaa pembeni ya baba. Nilicheka pia.

Mimi ndiye niliyeyapakua kwa koleo, kila siku baada ya shule, hadi Machi. Baba alisema ni kidogo tu, ni ya kuwafikisha ng'ombe kwenye majani mapya. Shangazi, mimi nimesoma. Kule Besançon nilisoma kemia mwaka mzima. Siwezi kusema sikujua.

Mwishoni mwa Aprili Léonce Marguet, fundi wetu wa jibini, alishuka ghalani na nyundo yake ndogo kugonga magurudumu kama afanyavyo kila wiki. Yalijibu kama ngoma. Sitini na mawili. Mengine yalikuwa yamekwisha pasuka, na harufu ya matapishi ilifika hadi barabarani.

Siku ile foleni ilikuwa kimya. Célestin Jeannin, mwenyekiti wa ushirika, alisimama mlangoni mikono mfukoni. Firmin alipofika zamu yake na kuinua debe, Léonce aliweka kiganja juu ya kifuniko.

“Ngoja kwanza, Firmin.”

“Ningoje nini? Ng'ombe hawakungoja.”

“Zizi lako lina mavi mpaka dirishani,” Célestin alisema. “Nani asiyejua?”

“Lilikuwa hivyo hivyo mama yangu akiwa hai, na jibini mlikula.”

Mtu wa nyuma akasema, “Oa basi, mzee, upate wa kukufagilia.” Wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa anatazama buti zake.

“Debe lako halipokelewi mpaka tujue,” Célestin alisema.

“Na mkishajua?”

Firmin alilibeba debe lake hadi mbele ya kanisa akalimwaga mtaroni, polepole, kama mtu anayemwagilia bustani. Maziwa yalipita mbele yetu yakiteremka. Nilikuwa nyuma ya baba, nimeshika mpini wa mkokoteni wetu wenye madebe saba. Nilinyamaza. Zamu yetu ilipofika tulimimina, na Léonce alituambia asante.

Siku chache baadaye walikutana wakaamua kwamba ni yeye. Iliandikwa kwenye daftari: maziwa ya Firmin Bôle yamekataliwa kwa sababu ya uchafu. Wote waliinua mkono, na baba, makamu mwenyekiti, alikuwa miongoni mwao.

Nimefikiri sana juu ya ukimya wetu. Wakati wa vita wewe uliwavusha watu msituni hadi upande wa pili. Kila nyumba ilijua na hakuna aliyeulizwa akajibu. Uliwahi kuniandikia kwamba hilo ndilo jambo pekee linalokufanya ujivunie kuzaliwa hapa. Naamini. Lakini tulikuwa wema kwa kunyamaza mara moja, na tangu hapo tunadhani kila tunaponyamaza tunatenda wema.

Firmin aliuza ng'ombe watatu kati ya Juni na Septemba. Maziwa ya wawili waliobaki aliwapa ndama wa watu, bure. Watu hawakumchukia, Shangazi. Hilo lingekuwa angalau kitu. Hawakuwa tu na mahali pa kukutana naye. Siku moja nilimwona amesimama kwenye geti lake saa kumi na mbili, mkokoteni wetu ukipita. Alisema “Habari za jioni.” Baba alisema “Habari.” Basi.

Oktoba tulichinja nguruwe. Tulikuwa tunatundika soseji ndani ya dohani, baba juu ya ngazi, mimi nikimpandishia.

“Baba, mkutano wa mwaka huu nitasema.”

“Sema.” Akatundika nyingine. “Useme vizuri, wewe mwalimu. Halafu wanitoe mimi na maziwa yangu. Sufuria haitajaa. Nyumba ya jibini inafungwa. Akina Mougin wanauza, akina Cuenot wanauza, watoto wao wanashuka mjini. Utabaki unawafundisha viti.”

“Na Firmin?”

“Firmin hana mtoto.”

Mama alikuwa ameshika ngazi chini. Alisema, “Angalieni hizo soseji, zitaanguka.”

Nataka uelewe kwamba baba hasemi uongo. Hesabu yake ni sahihi. Usiku na mchana nimeitafuta mahali ilipokosewa, sijapaona.

Mkutano wa mwaka hufanyika Jumapili baada ya Mtakatifu Martini, kama zamani: wanaume kwenye mabenchi, wanawake wakija mwishoni na kahawa na keki ya lozi. Mimi nilikaa pembeni na penseli yangu. Célestin alipofika kwenye mengineyo, nilisimama. Nilisema sentensi nne. Kwamba majira yote ya baridi ng'ombe wetu walikula machicha yaliyochacha. Kwamba niliyapakua kwa mikono yangu. Kwamba magurudumu yalivimba kwa sababu yetu. Kwamba Firmin hana kosa.

Jiko la kuni lilikuwa linavuma. Célestin alivua miwani, akaifuta.

“Noëlle,” alisema, si kwa ukali, “karani huandika, hasemi. Kuna jingine?”

“Bomba la ghalani linavuja,” Mougin alisema.

“Haya, tuzungumze bomba.”

Wakazungumza bomba nusu saa nzima, Shangazi. Wengine walitaka la shaba, wengine la plastiki. Baba alikuwa upande wa shaba.

Walipotoka nilibaki. Léonce alikuwa anasuuza sufuria, kichwa chake kimo ndani, na sauti yake ilitoka kama kisimani.

“Nililinusa debe lenu tangu Januari.”

“Kwa nini hukulirudisha?”

“Baba yako analeta lita mia tatu. Firmin arobaini. Wewe si ndiye unayefundisha hesabu?”

“Wengine wanajua?”

Alitoa kichwa akanitazama kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko yote. “Mtoto wangu, tuko watu tisini na wanne. Célestin alipishana na trela yenu mara mbili. Alilazimika kurudi nyuma ili mpite.”

Kumbe hawakukosea. Walichagua. Miezi yote ile nilijiona nimebeba siri, nikikonda kwa ajili yake. Kumbe nilikuwa nimebeba zamu yangu tu ya uongo wa wote, kama mtu anavyobeba zamu yake ya kuondoa theluji mbele ya kanisa.

Jumatatu baada ya shule nilikwenda kwa Firmin. Alikuwa kibandani anapasua vigae vya mbao.

“Mwalimu,” alisema. “Umekuja kunihesabu?”

Nilimweleza yote. Hakuacha kupasua.

“Nilikuwa nyuma ya baba yako kwenye foleni, binti. Nina pua.”

“Kwa nini hukusema?”

“Niseme mimi, dhidi ya makamu mwenyekiti? Ningeitwa mchafu na mwongo. Mchafu peke yake inanitosha.”

“Jana nimesema mkutanoni.”

“Nimesikia. Nimesikia mmepata bomba.”

Nilimwomba radhi. Aliweka shoka chini, akakaa juu ya gogo. Mikono yake imekuwa mikubwa kuliko yeye mwenyewe.

“Radhi hiyo ni yako, ikupatie usingizi. Chukua. Mimi nilitaka iandikwe. Kwenye lile daftari jeusi imeandikwa kwamba maziwa yangu yalifukuzwa kwa uchafu. Nilikwenda nikaisoma. Mwandiko mzuri sana. Ni wako?”

Ni wangu, Shangazi. Hata herufi ya kwanza ya jina lake niliipamba, kama nilivyofundishwa.

Jumanne nilinakili kumbukumbu za mkutano. Baada ya lile bomba niliandika, kwa mwandiko uleule, sentensi zangu nne, nikaongeza ya tano: kwa hiyo uamuzi wa mwezi wa tano hauna msingi na Firmin Bôle anarudishiwa haki ya kupeleka maziwa. Hakuna aliyeamua hivyo. Najua. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuandika kitu ambacho hakikutokea, na ndicho cha kweli kuliko vyote vilivyomo ndani ya daftari lile.

Jumatano jioni nililiweka wazi juu ya meza ya mizani ili wasaini, kama ilivyo desturi. Hapa kwetu kusoma kabla ya kusaini ni kumtukana aliyeandika. Kuwa mwalimu kunatosha kuaminiwa. Célestin alifuta mkono kwenye aproni, akasaini huku akimtania Mougin kuhusu gari lake jipya. Mougin akasaini. Akina Cuenot, baba na mwana, wakasaini. Majina sita yalijipanga chini ya ukweli ambao hawakuutazama.

Baba alikuwa wa mwisho. Alivaa miwani. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma karatasi za daktari wa mifugo, na watu nyuma yake wakaanza kuvutana na madebe yao wakienda zao. Alipofika kwenye sentensi ya tano kidole kilisimama. Aliniangalia. Nakala ya daftari hupelekwa makao ya ushirika mjini kila Januari, na huko watu husoma. Yeye anajua hilo kuliko mimi. Akainama akasaini, jina lote, Anselme Pourchet, si kifupi chake cha kila siku. Kisha akaenda kusuuza madebe.

Tangu jioni ile hajanisemesha. Asubuhi hunikatia mkate na kuuacha mahali pangu.

Alhamisi nilikwenda tena kwa Firmin. Nilikwenda kwa haraka, karibu kwa furaha, nakuambia hilo kwa aibu. Kwenye theluji ya uani palikuwa na alama za magurudumu ya lori.

“Imeandikwa,” nilimwambia. “Wamesaini wote saba.”

“Na baba yako?”

“Alisoma, ndipo akasaini.”

Midomo yake ilisogea kidogo, nikadhani atasema kitu kuhusu ujana wao.

“Basi naruhusiwa kupeleka maziwa.”

“Ndiyo.”

“Mchuuzi wa ng'ombe amewachukua wote wawili asubuhi,” alisema. “Jumatatu naanza kufagia karakana ya saa, upande wa pili. Nimepata nafasi kwenye gari la Mougin mdogo.” Akafikiri. “Ongeza mstari mmoja. Sema kwamba siku alipopewa ruhusa hakuwa na ng'ombe.”

“Siwezi. Wameshasaini.”

“Ah,” alisema. “Kweli. Wameshasaini.”

Nilirudi njia nzima nikiwaza mstari ule hautakaa popote. Ndipo nikakukumbuka wewe. Kwa hiyo nauandika hapa, mahali ambapo hakuna wa kuuchana, nawe nakuomba uitunze karatasi hii: tarehe 17 Novemba 1977 Firmin Bôle wa Combe-Vernet alirudishiwa haki ya kupeleka maziwa yake kwenye nyumba ya jibini, naye hakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Januari wale wa makao ya ushirika wakija wakaifunga nyumba ya jibini, watu wa hapa watakuambia ni ukame, au ni wa mjini, au ni magari ya mpakani. Baba naye hatakuandikia kitu. Ujue kutoka kwangu kwamba tulikuwa na njia nyingine tangu siku ya kwanza, na kwamba ilihitaji mtu mmoja tu kuinua macho kutoka kwenye buti zake. Nilikuwepo, na mimi pia niliangalia chini.

Usimwandikie Firmin kumhurumia. Ukitaka kumwandikia, mwandikie kuhusu huko, kuhusu theluji yenu na kiwanda cha karatasi. Anasoma vizuri.

Mpe Lucien mkono wangu, na umbusu wanao, Ghislaine na mdogo wake, ambao nawajua kwa picha tu. Mama anakusalimu, amesimama mlangoni na hajauliza naandika nini. Mungu awalinde na baridi ya nje na ya ndani, na akujalie kuishi miongoni mwa watu wanaosoma kabla ya kusaini.

Mimi mpwa wako, nikupendaye nisiyewahi kukuona,

Noëlle